Kibla: Mwelekeo wa Swala na Maana Yake

Maana
Kilugha, Kibla ni upande unaoelekewa. Kisheria, ni upande wa Al-Kaaba, iliyomo ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka. Kuelekea Kibla ni sharti la swala. Anayeacha kwa makusudi bila udhuru, swala yake haisihi.

Kubadilishwa kwa Kibla
Baada ya kuhamia Madina mwaka 622, Mtume Muhammad (s.a.w.) na Waislamu waliswali wakielekea Baitul-Maqdis, Jerusalem, kwa miezi 16 au 17. Mwaka wa 2 Hijria ikashuka amri ya kuelekea Makka (Qur'an, 2:144). Kutoka Madina, Jerusalem iko kaskazini na Makka iko kusini, hivyo amri hii ilikuwa ya kugeuka nyuma kabisa. Waliokuwa Quba walipata habari wakiwa ndani ya swala ya Alfajiri, wakageuka papo hapo bila kuikata.

Hekima yake
1. *Utii.* Aya ya 2:143 inaeleza kuwa mabadiliko yalikuwa mtihani wa kumpambanua anayemfuata Mtume na anayegeuka nyuma.
2. *Umoja.* Tajiri na maskini, wa kila taifa, huelekea mahali pamoja.
3. *Tauhidi.* Upande ulibadilika, anayeabudiwa hakubadilika.
4. *Mwenendo mwema.* Aya ya 2:177 inafundisha kuwa wema si kuelekeza nyuso tu, bali ni imani, kuwapa wahitaji mali, kutimiza ahadi na kusubiri.

Wenye udhuru
(a) Mgonjwa asiyeweza kugeuka na asiye na wa kumgeuza.
(b) Aliye katika hofu kali, kama vitani (2:239).
(c) Msafiri anayeswali sunna juu ya kipando.
(d) Asiyeujua upande: hujitahidi kuutafuta, kisha huswali anakodhani ndiko.

Zingatia
Usiandike kuwa Waislamu wote huelekea mashariki. Upande hutegemea mahali: Dar es Salaam ni kaskazini, Cairo ni kusini-mashariki, Jakarta ni kaskazini-magharibi.

Swali la kujipima
“Waislamu huliabudu jengo la Al-Kaaba.” Kanusha dai hili kwa hoja tatu.

Mwongozo wa jibu
- Waislamu waliwahi kuelekea Baitul-Maqdis, na swala zao zilikuwa za Allah yule yule. Kinachoweza kubadilishwa kwa amri ni upande, si Mola.
- Mwenye udhuru huswali bila kuielekea Al-Kaaba na swala yake husihi. Lau ingekuwa ndiyo inayoabudiwa, isingewezekana.
- Umar bin Khattab, alipolibusu Jiwe Jeusi lililo katika Al-Kaaba, alitamka wazi kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba alilibusu kwa kumfuata Mtume tu.

Eleza kila hoja kwa ushahidi wake. Kuitaja tu hakutoshi.