Kipupwe Songea: soma viwango viwili vya joto, si kimoja

Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, yaani Juni hadi Agosti. Hapa Songea wengi wetu huusikia redioni, tukaambulia kwamba baridi inakuja, basi. Mimi nafuga kuku, nalima mahindi na bustani ndogo ya mboga upande wa Mshangano, na mwelekeo huo ndio unaonipangia lini niingize vifaranga na lini nianike. Naomba nieleze ninavyoutumia, kwa sababu una faida kubwa kwa mtu anayejua kuuliza swali sahihi.

Kwanza, tafuta kanda yako. TMA huuweka mkoa wa Ruvuma kwenye kanda ya Kusini, tofauti na Nyanda za Juu Kusini Magharibi inakowekwa mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya. Ukisikia habari za sakitu kule Makete, Njombe, usidhani inasemwa Songea. Pili, kumbuka kwamba mwelekeo hulinganisha msimu unaokuja na wastani wa miaka 30. Julai yetu ya kawaida kiwango cha chini hushuka hadi nyuzi joto 10 hivi, kwa hiyo hata wakisema "wastani", blanketi la pili linahusika. Na mwelekeo haukuambii Jumanne ya wiki gani. Kwa hiyo mimi huutumia kwa mambo yanayohitaji wiki kadhaa tu: kununua pumba za mpunga za kutandika bandani, kuandaa maturubai, kuamua kama kundi jipya la vifaranga liingie Juni au lisubiri Agosti mwishoni. Mwelekeo ukisema joto litakuwa chini ya wastani, mimi nasubiri.

Kisha ushushe mwelekeo huo hadi kijijini kwako. Mkoa huu una mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na una vilima vya Umatengo vinavyokaribia mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mtu wa Mbamba Bay kule ziwani na mtu wa Mbinga kule vilimani wakisikia taarifa moja ya mkoa, kila mmoja afanye hesabu yake. Hata mjini kwetu, kipimo kinachosomwa kimewekwa ndani ya kisanduku cheupe kilichoinuliwa kutoka ardhini, karibu na usawa wa kifua. Usiku mkavu usio na upepo, majani ya chini huwa na baridi zaidi ya namba hiyo kwa nyuzi kadhaa, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia bondeni. Kitalu cha nyanya kilicho kando ya kijito hupigwa kabla ya kilicho mteremkoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kipupwe cha Songea kina baridi mbili, na kila moja ina kazi zake.

Ya kwanza ni baridi ya anga tupu. Upepo umetulia, nyota zimejaa, ardhi inapoteza joto lake usiku kucha. Alfajiri umande umelowesha kila kitu, lakini ikifika saa nne jua ni kali. Ya pili ni baridi ya kusi, yaani upepo wa kusini mashariki. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko Bahari ya Hindi, kusini mashariki mwa Madagaska, ukiimarika, husukuma hewa yenye unyevu hadi kwenye milima yetu. Matogoro, chanzo cha Mto Ruvuma, inafunikwa na wingu hadi huioni, manyunyu yanaanguka bila kukoma, na mchana haupati joto. Usiku wake hauna baridi kali kama ule wa kwanza, lakini ndio unaotuumiza zaidi, kwa sababu hakuna kinachokauka.

Utazijuaje mapema? Sikiliza utabiri wa saa 24 unaoanzia saa tatu usiku, na uandike viwango vyote viwili, cha chini na cha juu. Tuseme Songea imepewa 9 na 23: tofauti ni kubwa, tarajia anga tupu. Ikipewa 13 na 18, tofauti ni ndogo, ni kusi na mawingu. Anayeangalia kiwango cha chini peke yake atafurahia hiyo 13 akaanika mahindi, na kesho yake atayakuta yamelowa. Sikiliza pia habari za upepo wa pwani, hata kama huna mtumbwi. Nikisikia upepo wa kusini mashariki unafikia kilomita 40 kwa saa, au TMA imetoa angalizo la mawimbi makubwa pwani ya kusini, naanza kuitazama Matogoro.

Ikitabiriwa anga tupu, jioni kabla jua halijazama nafunika kitalu kwa nyasi kavu juu ya kichanja, nafunua saa tatu asubuhi. Namwagilia asubuhi, kwani udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana vizuri kuliko mkavu. Siku za kusi sifuniki usiku na mchana, maana majani yasiyopata hewa hushikwa na ukungu upesi.

Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Kipupwe naongeza wiki moja zaidi ya kuwalea kwa joto. Kama huna kipima joto, waangalie wenyewe: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikaa mbali na taa huku wamefungua midomo wamezidiwa na joto, wakitawanyika sawasawa wametosheka. Pazia la banda lisifike juu kabisa. Acha nafasi ya hewa kutoka, la sivyo harufu kali ya kinyesi itawaharibu mapafu hata kama wana joto.

Mahindi ndiyo mtihani mkubwa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na juu ya hapo unakaribisha kuvu na sumukuvu. Siku za kusi usipukuchue, acha mahindi yakiwa kwenye magunzi yake, juu ya kichanja chenye paa. Siku za anga tupu tandaza turubai umande ukishakauka, si kabla, na kusanya saa kumi jioni. Kupima nyumbani, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu kabisa, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15. Isipoganda, anika siku moja au mbili zaidi, kisha peleka kwenye kipima unyevu.

Kwa wasafiri wa basi za alfajiri kwenda Njombe: siku ya kusi, ukungu wa milima ya Lukumburu hauna mzaha. Ukiweza, ondoka jua likishapanda.

La mwisho ni la nyumbani, na nalisema kwa uzito wote. Usiku wa baridi, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanaziba madirisha, wanalala. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamshwi nayo. Ota moto sebuleni mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala toa jiko nje kabisa, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Mwambie na mpangaji wa chumba cha pili, mwambie na mwanafunzi aliyepanga geto mjini.