Sayansi ya Kufuli Linalokaa Nje

Mvuvi wa pwani ya Tanga afungaye mashine ya mashua kwa mnyororo na kufuli, na dereva wa trekta aegeshaye tela kando ya shamba la miwa huko Kilombero, wana haja moja: kukikuta asubuhi kile walichokiacha jioni. Wote wawili hununua kufuli dukani, na mara nyingi hulichagua kwa uzito wake mkononi au kwa mng'ao wake. Vigezo hivyo havitoshi. Kufuli linalokaa nje hupambana na mambo matatu: maji na chumvi, zana za mwizi, na, likifungwa kwenye chombo kinachokokotwa, kani za mwendo. Makala haya yanayaeleza mambo hayo kwa kanuni za kemia na fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Aidha yanaonyesha kosa moja linaloweza kugharimu maisha ya watu, nalo ni kulifanya kufuli libebe mzigo wa kukokota.

Sehemu za kufuli

Kufuli la kawaida lina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni upinde, yaani kile chuma kilichopindwa mfano wa herufi U ambacho hupitishwa kwenye tumbuu au mnyororo. Ya pili ni mwili, ambao hubeba sehemu za ndani. Ya tatu ni silinda ya ufunguo. Katika makufuli mengi silinda hiyo ina safu ya pini ndogo zinazosukumwa na springi, na kila pini imegawanyika vipande viwili. Meno ya ufunguo ulio sahihi huinua kila pini kwa kimo chake, hata maungio ya vipande vyote yakalingana na ukingo wa silinda. Hapo silinda huweza kuzunguka na kuuachia upinde.

Wazo hili ni la kale. Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mbao yenye pini zilizoshuka kwa uzito wake zenyewe. Umbo lake la kisasa la chuma lilitokana na kazi ya Mmarekani Linus Yale Mdogo, aliyepata hataza zake katika miaka ya 1861 na 1865. Yafaa ikumbukwe kwamba nafasi kati ya pini na matundu yake ni ndogo mno. Kwa hiyo kutu au mchanga kidogo tu hutosha kuzizuia pini zisisogee, na mwenye mali akabaki nje ya kufuli lake mwenyewe. Kwa mvuvi ambaye mashua yake imefungwa kwa mnyororo wakati bahari imechafuka, kufuli lisilofunguka ni hasara sawa na kufuli lililovunjwa.

Adui wa kwanza: chumvi

Chuma hushika kutu panapokuwa na oksijeni na maji pamoja. Atomi za chuma hupoteza elektroni na kuwa ayoni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Mahali pengine juu ya chuma hicho hicho, oksijeni na maji huzipokea elektroni hizo:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ayoni hizo zikikutana, na zikizidi kupata oksijeni, hufanya ile hidroksidi nyekundu iitwayo kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu kufuli lenye kutu ndani yake hubana na kukwama.

Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi ikiyeyuka katika maji huyafanya yapitishe umeme vizuri zaidi, na kwa hiyo mwendo wa kutu huongezeka. Pepo za kusi na kaskazi huchukua matone madogo ya maji ya bahari na kuyaangusha juu ya vyuma vya pwani, hata vile ambavyo havijaguswa na wimbi. Tena chumvi hufyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo chuma hubaki na utando wa maji hata siku isiyo na mvua. Kufuli lililodumu miaka mingi Dodoma, penye hewa kavu, laweza kuharibika upesi likipelekwa Bagamoyo.

Metali mbili katika kufuli moja

Jambo jingine ni kwamba kufuli moja aghalabu huwa na metali zaidi ya moja. Mwili huweza kuwa wa shaba njano, yaani aloi ya shaba na zinki, na upinde ukawa wa chuma cha pua, kiitwacho pia feleji. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya seli ya umeme. Mfuatano wa volteji za elektrodi huonyesha ipi italika: zinki ni -0.76, chuma ni -0.44, na shaba ni +0.34. Metali yenye volteji ya chini hutoa elektroni na kulika, nayo humhifadhi mwenzake. Basi, upinde wa feleji ulioshikana na mwili wa shaba njano hulika upesi kuliko ambavyo ungelika peke yake.

Kanuni hiyo hiyo hueleza ubora wa zinki. Feleji iliyopakwa zinki ikikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hulika kwanza na feleji husalimika kwa muda. Kromi inayopakwa juu ya nikeli haina tabia hiyo. Inang'aa na kupendeza, lakini ikipata mkwaruzo, kutu yote hulenga pale penye mkwaruzo, na shimo huchimbika chini ya mng'ao. Hapa ndipo mnunuzi anayefuata mng'ao hukosea.

Feleji isiyoshika kutu ina kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba sana ambao hujirudishia wenyewe ukikwaruzwa. Aina iitwayo 304 ina kromi karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Aina ya 316 huongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, nayo hustahimili chumvi zaidi. Kwa hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa vyombo vya baharini. Shaba njano nayo haina kutu nyekundu, ila yenye zinki nyingi huweza kupoteza zinki yake katika maji ya chumvi, ikabaki shaba yenye vinyweleo na isiyo na nguvu. Makufuli yaliyotengenezwa kwa bamba nyingi zilizopangwa pamoja ni imara kwa pigo la nyundo, lakini maji ya chumvi hukaa katika mianya ya bamba hizo.

Adui wa pili: zana za mwizi

Mkasi wa kukatia vyuma ni wenzo. Ikiwa mpini una urefu wa sentimita 60 kutoka kwenye egemeo, na upinde umewekwa sentimita 3 kutoka hapo, kani ya mkono huongezeka mara 20. Mtu akikaza kwa nyutoni 400, makali hukaza kwa nyutoni 8,000. Mikasi yenye nyenzo mbili zilizoungana huzidisha zaidi.

Kinga ya kwanza ni unene. Eneo la mkato wa upinde hufuata mraba wa kipenyo chake: upinde wa milimita 6 una milimita za mraba 28, na wa milimita 12 una 113. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Kinga ya pili ni ugumu. Feleji iliyotiwa moto na kupozwa ghafula huwa ngumu hata msumeno na tupa hutelea juu yake, na kiasi kidogo sana cha boroni husaidia ugumu huo ufike ndani. Kinga ya tatu ni umbo: mwili wenye mabega yanayoufunika upinde huunyima mkasi mahali pa kuuma.

Lakini usalama wa kifungo chote ni ule wa sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote. Kufuli zito lililofungwa kwenye tumbuu iliyopigiliwa kwa misumari miwili halina faida, maana mwizi ataing'oa tumbuu na kuliacha kufuli zima. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 12320 hupanga makufuli katika daraja sita za usalama, ya 1 ikiwa ya chini na ya 6 ya juu, na kustahimili kutu huonyeshwa kwa tarakimu ya peke yake. Mgawanyo huo una maana: kufuli gumu si lazima liwe kufuli la kudumu pwani.

Kufuli si pini ya kukokotea

Tela huunganishwa na trekta kwa pini nene ya feleji. Hutokea pini ikapotea, na dereva akapitisha kufuli mahali pake. Hesabu ifuatayo huonyesha hatari iliyopo.

Chukua tela lenye mzigo, uzani wake wote ukiwa kilo 5,000, likikokotwa taratibu kupanda mlima wa moja kwa kumi. Msuguano ukiachwa kando, kani inayohitajika ni 5,000 × 9.8 ÷ 10, yaani nyutoni 4,900. Upinde wa milimita 6 una miguu miwili, jumla milimita za mraba 56. Ikiwa feleji ya kawaida hukatika kwa mkazo wa nyutoni 240 kwa kila milimita ya mraba, upinde utahimili karibu nyutoni 13,400. Kwa hiyo kufuli litashika, na dereva ataamini kwamba linatosha. Hapo ndipo hatari ilipo.

Sasa trekta lipite shimoni. Muungano ulegee, kisha ukaze ghafula, na tela libadili mwendo wake kwa mita 2 kwa sekunde katika muda wa sekunde 0.2. Mchapuko ni mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, na kwa kanuni ya pili ya Newton kani ni 5,000 × 10, yaani nyutoni 50,000. Hii ni zaidi ya mara tatu ya uwezo wa upinde. Tela litakatika na kurudi nyuma mlimani, pengine kwa watu waendao kwa miguu. Pini ya milimita 25 ya feleji hiyo hiyo, ikikatwa mahali pawili, ingehimili karibu nyutoni 235,000. Zaidi ya hayo, kikamato kilichomo ndani ya kufuli huwa chembamba kuliko upinde, na feleji iliyofanywa ngumu sana huweza kuvunjika kwa mshtuko pasipo kupinda kwanza.

Mgawanyo wa kazi ulio sahihi ni huu: pini ibebe mzigo, klipu izuie pini isichomoke, na mnyororo wa usalama ulishike tela endapo muungano utaachia. Kufuli huwekwa kwenye tundu la mwisho wa pini, ambapo kazi yake ni kumzuia mtu asiichomoe. Tela likiegeshwa, kufuli jingine hufunga mahali pa kuungia na mnyororo hupitishwa gurudumuni. Kwa matela madogo ya magari, vipimo vitazamwe pia: tufe la kuungia la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50, na la inchi 2 la Marekani ni milimita 50.8. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la milimita 50 hulegea.

Matunzo

Kufuli la pwani lioshwe kwa maji baridi mara kwa mara, likaushwe, kisha litiwe mafuta mepesi. Tundu la ufunguo lielekee chini au lifunikwe. Bara, penye vumbi, unga wa grafiti hufaa kuliko mafuta, kwa sababu haunasi mchanga. Pwani usitumike, kwani grafiti hupitisha umeme na huongeza ulikaji wa metali inayoigusa penye chumvi.

Jaribio la darasani

Zichukuliwe glasi nne zenye maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chumvi kwa kila glasi. Katika ya kwanza uwekwe msumari wa kawaida uliosuguliwa kwa msasa. Katika ya pili, msumari kama huo uliozungushiwa waya wa shaba. Katika ya tatu, msumari wa bati uliopakwa zinki. Katika ya nne, msumari wa bati uliokwaruzwa kwa tupa hadi chuma kionekane. Wanafunzi waandike kila siku, kwa muda wa wiki moja, rangi ya maji na hali ya kila msumari, kisha walinganishe matokeo na volteji zilizotajwa.

Maswali

1. Kwa nini upinde wa kufuli la shaba njano hushika kutu kabla ya mwili wake?
2. Upinde una kipenyo cha milimita 9. Eneo lake ni mara ngapi la ule wa milimita 6?
3. Tela la kilo 3,000 limebadili mwendo kwa mita 1.5 kwa sekunde katika sekunde 0.3. Kani ni kiasi gani? Je, kufuli la milimita 6 lingehimili?
4. Chunguza kufuli la stoo ya shule. Taja metali zake, hali ya tumbuu yake, na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.