Mlio wa Mbele ya Gari: Namna ya Kuutambua Kabla ya Kununua Chochote

Katika mtaa wa Baba Dogo, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, malori ya viwanda, matatu na motokaa za watu binafsi hutumia njia moja tangu alfajiri mpaka usiku. Njiani mna matuta ya kupunguza mwendo, na wakati wa masika na vuli maji ya matope hutuama katika mashimo. Gari lipitalo hapo kila siku halikawii kuanza kulia kwa mbele. Mlio wenyewe hufanana na ule wa mlango ambao bawaba zake zimekauka, nao husikika gari linapopanda tuta polepole au usukani unapozungushwa.

Mwenye gari asikiapo mlio huo, mara nyingi hufanya moja katika mambo mawili. Ama huongeza sauti ya redio asiusikie, ama hukimbilia kununua shokomzoba mpya kwa kuwa jirani amemwambia kwamba zile za zamani zimekufa. Jambo la kwanza huhatarisha maisha; la pili hupoteza fedha, na huenda mlio ukabaki pale pale. Yafaa chanzo kitafutwe kwanza.

SEHEMU ZENYEWE

Kazi ya sehemu za mbele ni kubeba uzito wa gari, kupunguza mishtuko ya njia, na kuyaacha magurudumu yageuke. Katika motokaa nyingi ndogo, gurudumu hushikwa kwa juu na nguzo moja iliyounganisha springi na shokomzoba. Mpango huo hujulikana kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na kampuni ya Ford ya Uingereza iliuonyesha katika motokaa zake za Consul na Zephyr mwaka 1950. Juu ya nguzo hiyo pana beringi inayoiwezesha kuzunguka pamoja na usukani.

Kwa chini, gurudumu hushikwa na mkono wa chuma. Upande mmoja mkono huo hufungwa kwenye gari kwa bushi, yaani mipira iliyovikwa chuma. Upande wa pili hushikana na gurudumu kwa boljointi, yaani tufe la chuma ligeukalo ndani ya kikombe chenye grisi, na kufunikwa kwa mfuko wa mpira. Tena uko upau mrefu, ambao mafundi huuita stebilaiza, uzuiao gari lisilale upande kwenye kona. Nao pia hushikwa na bushi zake.

Katika vitu hivyo vyote, mpira na grisi ndivyo vichokavyo mapema. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8, na mengi ya magari hayo hutoka Japani. Mpira huzeeka kwa miaka na kwa joto, hata ikiwa gari halikutembea sana. Mfuko wa boljointi ukipasuka, maji na mchanga huingia, grisi hutoka, na chuma huanza kusagana na chuma.

KUSIKILIZA KWA UTARATIBU

Jambo la kwanza ni kujua mlio husikika wakati gani. Ukisikika kwenye matuta tu, na hasa asubuhi penye baridi, huenda ni bushi zilizokauka. Ukisikika gari limesimama na usukani ukizungushwa, nayo springi ikaruka kwa sauti kama waya uliovutwa ukaachwa, beringi ya juu ya nguzo ndiyo ya kushukiwa. Ukisikika kwenye matuta na kwenye usukani pia, boljointi ichunguzwe bila kukawia. Lakini sauti ya kugonga, isiyo ya kukwaruza, huonyesha kwamba kuna kitu kilicholegea, kama vile kiungo cha stebilaiza.

Baada ya hapo gari lisimamishwe mahali palipo sawa, na injini izimwe. Mtu mmoja aisukume pembe ya mbele chini na juu, na mwingine asikilize karibu na gurudumu. Kila bushi inyunyiziwe maji kidogo, moja baada ya nyingine. Mlio ukinyamaza kwa muda baada ya bushi fulani kuloweshwa, mkosaji ameonekana. Mafuta ya injini yasitumiwe hapo, kwa maana huufanya mpira uvimbe na kuwa laini.

Mwisho, gurudumu liinuliwe. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, na gari liwekwe juu ya vigingi imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukikoma, kasoro iko katika beringi ya gurudumu, usipokoma, boljointi imelika. Likicheza likishikwa kushoto na kulia, viungo vya usukani vitazamwe.

LA KUNGOJA NA LISILONGOJEKA

Bushi ya stebilaiza inayolia tu yaweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Boljointi inayocheza haingoji hata siku moja. Tufe likichomoka katika kikombe chake, gurudumu hukunjika chini ya gari, na dereva hana tena uwezo wa kuliongoza. Jambo hilo likitukia kwenye tuta la Baba Dogo, hasara ni ya chuma. Likitukia katika barabara ya Thika, ambayo upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012 na ambako magari huenda kasi, hasara yaweza kuwa ya roho za watu. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Fundi ndiye aletwe kwenye gari.

Iko hatari nyingine inayompata fundi mwenyewe. Springi iliyo katika nguzo imebanwa kwa nguvu nyingi. Nati ya juu ikifunguliwa kabla springi haijashikwa kwa vibano vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, huruka na yaweza kuua. Kamba na waya havitoshi.

Shokomzoba na springi hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, ili gari lisivute upande. Bolti za bushi za mkono wa chini hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gurudumu linaning'inia, mpira hujipinda na kuchanika upesi. Kisha magurudumu yanyoshwe kwa kipimo, tairi zisilike upande mmoja.

Mwenye gari aendapo kwa fundi, awe wa jua kali au wa gereji kubwa, amweleze mambo matatu: mlio husikika lini, upande gani, na kama ni wa kukwaruza au wa kugonga. Kazi ikimalizika, aombe kuonyeshwa kifaa kilichotolewa. Hivyo atajua kwamba fedha yake imeondoa kasoro iliyokuwapo, wala si kasoro iliyokisiwa.