Kiwanja cha wengi kisiandikwe jina la mmoja

Chukulia wanakikoba wa Uyole, Mbeya, au Kihesa, Iringa, wamekubaliana kuchanga, wanunue eneo na wajenge nyumba zao pamoja. Tofali za kuchoma watanunua kwa bei ya jumla, maji watavuta mara moja, barabara wataikata wenyewe. Ni mpango wa watu wenye akili. Balaa huingia siku ya kuandikishana, pale mkataba wa mauziano unapobeba jina la mwenyekiti peke yake, eti "kwa niaba ya wenzake". Akifariki, watoto wake watalihesabu eneo hilo katika mirathi. Akiliweka rehani, aliyemkopesha atalidai. Ninyi mtabaki na daftari la michango, mkianza kuthibitisha mahakamani jambo ambalo karatasi moja ingelimaliza mapema.

Sheria inawapa njia iliyo salama zaidi. Sajilini chama cha ushirika wa nyumba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Kikishasajiliwa, chama ni mtu mbele ya sheria: kinamiliki ardhi kwa jina lake, kinashtaki na kushtakiwa, na hakifi kwa sababu mwenyekiti amefariki. Kila mwanachama ana kura moja, aliyechanga kingi na aliyechanga kidogo. Mkutano mkuu uko juu ya bodi, na hesabu lazima zikaguliwe. Anzeni kwa afisa ushirika wa halmashauri; yeye atawaelekeza kuandaa masharti ya chama na andiko la kuonyesha kwamba mradi unalipika. Katika masharti hayo msione haya kuandika mambo machungu: anayejitoa analipwa lini, anayeshindwa kuchanga anafanywaje, na mwanachama akifariki nani anapokea haki zake.

Jambo hili si geni nchini. Mwenge ya Dar es Salaam ilianza na ushirika wa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye wakazi wa Kurasini, wengi wao wapangaji, walipotakiwa kupisha upanuzi wa bandari, waliweka akiba kidogo kidogo kupitia shirikisho la watu maskini wa mijini, wakaunda ushirika wa nyumba wa Muungano na kupata ekari 30 kule Chamazi. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na umoja uliosajiliwa.

Kama mko wachache na hamtaki ushirika, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu umiliki wa hisa: majina yote yanaingia kwenye hati, kila mmoja na sehemu yake, na sehemu ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Mkijenga ghorofa, kuna Sheria ya mwaka 2008 inayowezesha kila mwenye nyumba kupata hati ya sehemu yake ya jengo, huku ngazi, paa na uwanja vikibaki vya wote.

Kabla ya kulipa hata shilingi, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ofisi ya ardhi ya mkoa iko Mbeya na iko Iringa. Shamba ambalo halijapimwa halina hati ya kupekua, kwa hiyo ulizeni idara ya mipango miji ya Jiji au Manispaa limepangiwa matumizi gani. Muuzaji akiwa na ndoa na eneo lina nyumba ya familia, mwenzi wake lazima aridhie kwa maandishi.

Mgogoro ndani ya ushirika, ukishindikana kwa mazungumzo, hupelekwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Wa mipaka na jirani huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Likishindwa, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na fedha za wakili ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; halmashauri itamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.