Usiombe Tu "Dawa ya Maumivu"

Wadogo zangu, karafuu zikiiva hapa Pemba, maduka ya dawa baridi ya Chake, Wete na Mkoani hayakauki watu. Mchumaji kashuka mkarafuuni, kiuno kimekaza. Mama kakaa jamvini tangu alasiri anachambua karafuu na makonyo, shingo haigeuki. Binti yumo katika siku zake, tumbo lamkata. Mwengine mwili mzima unamuuma na homa iko juu. Wote wakifika dirishani wanasema yale yale: "Nipatie dawa ya maumivu." Na wengi huondoka na diklofenaki, maana ndiyo iliyopewa jina la dawa kali.

Mie dada yenu sikubaliani na sifa hiyo. Dawa haichaguliwi kwa ukali. Inachaguliwa kwa maumivu yenyewe na kwa mwili wa anayeumwa.

Dawa za maumivu tulizozizoea madukani zina koo mbili. Kwanza parasetamoli, yaani Panadol na ndugu zake wenye majina mengine. Inatuliza maumivu na kushusha homa, tumbo inalihurumia, ila uvimbe haiugusi sana. Ukoo wa pili ni wa aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, na hizi zinapambana na uvimbe wenyewe. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha zinavyofanya kazi: zinauzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe pale palipoumia. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolilinda tumbo lisichunwe na asidi yake, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizizima kiunoni umezizima na tumboni. Mwenye vidonda vya tumbo, presha isiyotulia au figo dhaifu akizimeza dawa hizi bila kuuliza anajitafutia makubwa.

Basi tuanze na binti yetu, kwa sababu yeye ndiye anayenyamazishwa kuliko wote. Anaambiwa ni chango, avumilie, akiolewa litaisha. Si lazima liishe, na hakuna sababu ya kungoja ndoa ili mtu apate nafuu! Wakati wa hedhi mfuko wa uzazi hutengeneza prostaglandini, nazo zinaubana ule mfuko ili utoe damu. Zikizidi, mbano unazidi. Kwa hiyo hapa ibuprofeni kwa kawaida inaishinda Panadol, kwa kuwa inagonga mzizi. Kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo wala pumu inayochochewa na dawa hizi, miligramu 200 hadi 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu za mwanzo, zinatosha. Anza mara tu maumivu yanapoanza. Ukingoja mpaka unajikunja kitandani, kemikali zimeshajaa na dawa itachelewa kukusaidia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga na kuwekwa chini ya kitovu nayo ni msaada wa kweli. Lakini maumivu yakizidi mwezi hadi mwezi, yakakukosesha skuli au kazi, au yakawepo hata siku zisizo za hedhi, hapo hitaji lako ni daktari wa kina mama.

Kiuno cha mchumaji na shingo ya mchambuaji ni misuli iliyochoka. Hapo ibuprofeni au diklofenaki ya siku chache ina nafasi yake, ukiwa umekula. Kukanda kwa maji moto kunafaa, na kutembea kidogo kunafaa kuliko kulala siku nzima. Ila msizichanganye ibuprofeni na diklofenaki kwa kudhani mtapona upesi. Ni ukoo mmoja, kinachoongezeka ni madhara tu. Parasetamoli inaweza kwenda na mojawapo, kwa sababu ni ya ukoo mwengine. Na mwezi wa Ramadhani, diklofenaki isiingie tumbo tupu, ingojee futari.

Kichwa kinachowanga baada ya jua na kiu kinataka maji na kivuli kwanza, kisha Panadol. Mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500, upite muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na visizidi 8 kwa siku nzima, usiku na mchana. Zaidi ya hapo ini linaumia, tena kimya kimya. Halafu kuna wale wanaomeza kila siku. Ukitumia vidonge vya kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi inayofuatana, dawa yenyewe huanza kukuletea maumivu ya kichwa.

Jino, hapo Wapemba tuna la kujivunia. Kiwanda cha Wawi kinakamua mafuta kutoka kwenye makonyo ya karafuu, na ndani yake mna yujenoli, kitu kinachotia ganzi. Madaktari wa meno duniani wanaitumia. Tone moja kwenye pamba, gusa jino, basi. Usimimine, yanaunguza ufizi. Usiyameze, na uyaweke mbali na watoto, kwani yakinywewa ni sumu kwa ini. Aspirini, iwe nzima au iliyosagwa, haiwekwi kwenye ufizi, nayo inaunguza. Ganzi haizibi tundu, kwa hiyo kliniki ya meno bado inakungoja.

Nyayo za bibi mwenye sukari zinazoungua na kuchomwa kama sindano usiku hazisikii Panadol wala diklofenaki. Ni mishipa ya fahamu, na dawa zake ni nyengine kabisa, anaziandika daktari. Mnamwongezea vidonge bure, figo zake zinaumia.

Homa na mwili kuuma kote: kapime kwanza malaria, na mpaka mjue kama si homa ya dengue, tumieni parasetamoli peke yake. Aspirini na ibuprofeni kwenye dengue zinaweza kuongeza kuvuja damu. Aspirini msiwape watoto kabisa bila agizo la daktari. Mjamzito naye, parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza. Ule ukoo wa pili auepuke, hasa mimba ikishafika wiki 20, isipokuwa daktari amwagize. Na akiumwa kichwa sana huku macho yana kiwi au uso umevimba, msimpe kidonge mkangoja asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, sawasawa na aliyeanguka mkarafuuni miguu ikafa ganzi, au mwenye kifua kinachobana mpaka mkononi.

Wadogo zangu, vidonge vikihesabiwa na kutiwa kwenye kibahasha, mwambieni muuzaji aandike juu yake jina la dawa, miligramu na saa za kumeza. Akikataa, nendeni duka jengine.