Kabla ya Chupa ya Nne

*Daktari, mwanangu ana miaka miwili. Tunaishi Kitale, ila sikukuu na likizo huenda kwa nyanya yake Bungoma. Kila akirudi viganja vimekuwa vyeupe. HB ilipimwa ikawa 7.4. Nimemnywesha chupa tatu za dawa ya kuongeza damu, haipandi. Juzi mikono na miguu ilimvimba, akalia usiku kucha. Mama mkwe anasema damu mbovu imetoka kwetu. Ninunue chupa ya nne au nimpe bitiruti?*
*Mama Mwenye Hofu, Kitale*

Mama, pole. Weka pesa za chupa hiyo kando. Kwanza tujue damu inapungua kwa nini.

Kwa umri wake, HB, yaani himoglobini, chini ya 11 ni upungufu. Tena, kwa anayeishi juu kama Kitale kiwango cha kawaida hupanda kidogo, kwa hiyo 7.4 si ya kusubiri. Lakini namba hiyo haitaji chanzo. Damu hupungua kwa njia tatu: mwili hautengenezi ya kutosha, inapotea, au chembe zake zinavunjika mapema.

Dawa uliyonunua kwa kawaida hutibu njia ya kwanza, pale madini ya chuma yanapokosekana. Mtoto anayeshindia uji mweupe na chai ya maziwa huishiwa chuma upesi, na chai yenyewe huzuia kisifyonzwe. Njia ya pili mara nyingi ni minyoo ya safura, inayonyonya damu utumboni.

Barua yako inanielekeza kwenye ya tatu. Malaria huvunja chembe za damu, na Bungoma ina malaria zaidi kuliko Kitale yenye baridi. Mtoto aliyekulia kwenu hana kinga aliyo nayo binamu yake wa huko. Basi akienda kwa nyanya alale ndani ya neti, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Uliza pia kuhusu chanjo ya malaria. Ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 katika maeneo ya magharibi, Bungoma ikiwamo.

Lakini malaria haivimbishi mikono na miguu hivyo. Kwa umri huu, uvimbe wenye maumivu unanifanya nifikirie selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu huishi kati ya 10 na 20. Ikiwa ndiyo, chuma peke yake hakitaliziba pengo hilo, wala bitiruti.

Sithibitishi ugonjwa kwa barua. Mpeleke kesho hospitali ya rufaa, hapo Kitale au Bungoma, ukaeleze uvimbe ule hata kama umeshuka. Omba hesabu kamili ya chembe za damu, kipimo cha malaria, choo kwa ajili ya minyoo, na kipimo cha selimundu. Kwa kipimo hicho cha mwisho, tone la damu huchanganywa na dawa, kisha mtaalamu hutazama kwa hadubini kama chembe zinajikunja kama mundu. Zikijikunja, bado hujapata jibu kamili: hata mwenye kubeba chembechembe moja tu ya urithi huonyesha hivyo. Kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini ndicho huamua.

Na mama mkwe aelezwe kwa heshima, baba mtoto akiwapo: mtoto hapati selimundu kwa kurithi upande mmoja. Wazazi wote wawili huwa wamebeba, mara nyingi wakiwa wazima kabisa, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa huo. Mbebaji hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali; ndiyo maana urithi huu umeenea magharibi mwa Kenya.

Mkisubiri majibu, mlishe maini, omena, maharagwe na terere pamoja na chungwa, na chai isifuatane na chakula. Akihema haraka, akalegea, akakataa kunyonya au kula, au akawa na homa, usingoje kesho. Huenda akahitaji kuongezwa damu.

Majibu yakitoka, yaandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki, na kitabu kisafiri naye kila aendapo kwa nyanya, ili daktari wa huko asianze kubahatisha.