Dondoo muhimu: Ukianza leo kutazama Buffy the Vampire Slayer

Tamthilia hii ya Marekani, ya binti wa shule anayepambana na wanyonya damu, ilirushwa kuanzia 1997 hadi 2003. Ili uifaidi leo:

1. Usihangaike na filamu ya 1992 yenye jina hilohilo, tamthilia inajitosheleza.
2. Vumilia msimu wa kwanza: una vipindi 12 tu, na wa pili ndio unaonoga.
3. Usiruke vipindi, jambo dogo la leo huja kuzua makubwa baadaye.
4. Chagua toleo lenye umbo la runinga za zamani. Katika lililopanuliwa, vifaa vya wapiga picha huonekana pembeni.
5. Ukifika msimu wa nne, tazama sambamba na Angel, tamthilia dada iliyoanza 1999, maana visa vyake vinaingiliana.
6. Usitafute majina ya wahusika mtandaoni. Utajua nani anakufa kabla ya wakati.
7. Weka simu kando unapotazama “Hush”, kipindi cha 10 cha msimu wa nne; sehemu kubwa haina maongezi.
8. Kama umefiwa karibuni, usitazame peke yako “The Body”, kipindi cha msimu wa tano kinachohusu msiba.